Mashine Iliyokufa kwa Cheti

Paliondokea nchi, kisha nchi yenyewe ikaanza kuondoka, kipande kwa kipande, juu ya malori. Msiniulize jina lake. Lilikuwapo, tena zuri, limeandikwa kwa herufi za shaba kwenye lango la mpakani, kila herufi ndefu kama mtu mzima. Ikaibwa ya mwisho, tukacheka. Ikaibwa ya katikati, ikabidi wimbo wa taifa upunguzwe mstari. Zilipobaki mbili, Serikali ilizing'oa yenyewe ikaziuza, na kutufafanulia kwamba ni aibu kwa nchi huru kuitwa kwa jina lisilotimia. Tangu hapo nchi inaitwa Nchi, na wakazi wake ni sisi.

Herufi zile ndizo zilizotufumbua macho. Tulikuwa tumejidhania maskini. Kumbe tumezungukwa na mali, ila mali yenyewe ilikuwa na kasoro moja: ilikuwa bado inafanya kazi. Bomba lilikuwa linatoa maji. Reli ilikuwa inabeba treni. Nguzo za taa zilikuwa zinawamulikia watu ambao, kama alivyosema Mheshimiwa Bungala bungeni, njia ya kwenda makwao wanaijua hata gizani.

Mheshimiwa Bungala ndiye Waziri wa Uchakavu na Maendeleo. Siku ya kuapishwa hakukabidhiwa katiba, kwa kuwa jalada lake lilikuwa na pembe za fedha na lilikwisha kupata mnunuzi. Alikabidhiwa spana. Akaiinua juu, na Bunge zima likasimama kwa heshima, maana hata viti vilikuwa vimekwenda.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kwa miaka mingi tumeishi kwa kutegemea wageni. Leo nasema, basi! Hatutamwomba mtu tena. Tutajiuza wenyewe!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mimi si mtu wa siasa. Nilipiga kwa sababu aliyekuwa karibu yangu alikuwa anapiga.

*

Baada ya hotuba ile hakuna aliyetulia. Ungekaa wapi, na benchi limepita sasa hivi begani kwa mtu? Watu walitembea na sumaku zimefungwa kamba, wanaziburuta nyuma kama mbuzi, zikiokota misumari na vizibo vya soda. Mama alikwenda kisimani na sufuria yake mgongoni, na mtoto akamwachia jirani, kwa sababu mtoto hana soko. Mwalimu alifundisha huku amekumbatia kengele ya shule. Askari wa barabarani alifika kazini na bango la kusimamisha magari amelibeba kifuani, akalisimika, akalilinda, na jioni akarudi nalo nyumbani. Siku alipougua, makutano yale yaliyameza malori mawili, na kabla vumbi halijatua malori yenyewe yalikuwa yamekwisha kufunguliwa nati.

Serikali nayo haikubaki nyuma. Kompyuta zote za Wizara ya Fedha zilivunjwa, ili itolewe ile dhahabu inayosemwa kuwamo kwenye bodi zake. Ikapatikana ya kutosha jino moja. Jino hilo lipo kinywani mwa Katibu Mkuu, na sisi wananchi tunaruhusiwa kulitazama siku za sikukuu.

*

Mjini palikuwa na ua wa vyuma chakavu unaoitwa Kwa Siwema. Zamani watu walielekezana kwamba upo nyuma ya kiwanda cha baiskeli. Kiwanda kilipouzwa, wakawa wanaelekezana kwamba upo nyuma ya uwazi.

Siwema mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mfupi, mikono imechorwa makovu ya mabati. Sitawadanganya kwamba alikuwa malaika. Mifuniko ya mitaro ya mtaa mzima ilipita kwenye mizani yake. Tena aliwahi kutumbukia mwenyewe kwenye mmoja wa mitaro hiyo, akaugulia mguu mwezi mzima bila kumlaumu mtu, kwa sababu alijua mfuniko ulikokwenda.

Lakini ua ule ulikuwa na mwiko mmoja. Ukileta redio, pasi, friji au feni, hata kama umeibeba kichwani kutoka mkoa mwingine, haiendi mizanini kabla ya kuhojiwa. Kuhoji ni hivi: kifaa kinachomekwa kwenye umeme, ua mzima unanyamaza, Siwema anakigonga ubavuni kwa kiganja na kuuliza, "Upo?" Kikiguna, kikiwaka, kikizunguka hata kwa kusuasua, watu wote wanaitikia, "Kipo!" Na kilichopo hakipigwi nyundo. Kinarudi na mwenyewe, au kinabaki uani kikiendelea na kazi yake.

Msidhani mwiko huo ulitokana na huruma. Ulitokana na Chande, shemeji yake Siwema, mchomaji wa nyaya za kutolea shaba. Chande alipata kuipiga nyundo televisheni iliyokuwa bado ina pumzi, ikamrusha hadi kwenye rundo la matairi. Alipozinduka aliomba radhi, ingawa hatukujua anamwomba nani. Tangu siku ile hakuna aliyevunja kitu uani bila kukiuliza kwanza.

Serikali haikuupenda mwiko huo hata kidogo. Kila ilipoleta mali ya umma ivunjwe, mali ilijibu. Feni za mahakama zilizunguka. Mashine ya kupiga kura, iliyotangazwa mbovu kila baada ya uchaguzi, ilihesabu vizuri mpaka watu wakaogopa.

"Haiwezekani," alisema Mheshimiwa Bungala, "sera ya taifa ikapingwa na soketi."

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuthibitisha Uchakavu, yenye mamlaka ya kutoa Cheti cha Kifo cha Mali ya Umma. Cheti kilisema kwamba mali iliyotajwa, pamoja na vyote vilivyomo, imefariki. Hakuna tena kuchomeka wala kugonga. Kuanzia hapo, kifaa chenye cheti kikiendelea kufanya kazi kilikuwa kinafanya hivyo kinyume cha sheria.

*

Siku hizo Tunu, binti wa pekee wa Siwema, alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alizaliwa njiti. Siwema alipopelekwa kumwona katika Hospitali ya Taifa, alitazama ndani ya kile kisanduku cha kioo, akaanza kumtafuta.

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo, mama," alisema Tunu. "Umemvuka. Rudi kushoto."

Siwema akarudi kushoto. Akaona kitu kama kidole chenye uso.

Muuguzi wa wodi, Sista Agripina, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha mvua. Akamwambia, "Sikiliza, bibi. Hii mashine ndiyo tumbo lake sasa. Inampa joto ambalo mwenyewe hawezi kujipa. Ikizimika, na yeye amezimika."

"Ziko ngapi?"

"Zilikuwa nyingi. Sasa ni hii."

"Na umeme ukikatika?"

"Ina betri ndani, lakini ni ya kukimbilia tu. Haifiki nayo asubuhi."

Siwema alijua vyema zilikokwenda zile nyingine, si kwake, bali kwenye nyua nyingine zisizouliza. Akakaa chini, kwa kuwa vitanda vya wodi vilishavunjwa na wagonjwa walikuwa wakiugua kwa zamu. Aliweka kiganja juu ya kioo. Kilikuwa na vuguvugu.

"Huyu," alisema, "asiguswe na mtu."

"Nani atamgusa?" Sista Agripina alicheka kwa hasira. "Mlango ninaufunga mimi."

Asubuhi moja Kamati ilifika. Sista Agripina akafunga mlango kwa ufunguo na kuufungia ufunguo kwenye kanga. Wajumbe hawakubishana naye. Mlango ulikuwa wa aluminiamu; wakauchukua mlango.

*

Sasa mjue kwamba kwa mujibu wa sheria mali kubwa ya umma haikuuzwa kimyakimya. Ilifanyiwa sherehe ya Nyundo ya Kwanza: mwenye ua aliyesajiliwa anaipiga mbele ya umati, ili ionekane kwamba wananchi wamejivunjia wenyewe. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Siwema. Hakuambiwa atavunja nini. Aliambiwa tu aoge.

Jukwaa likajengwa kwa maboksi. Ikaletwa na jenereta, kwa sababu transfoma ya mtaa ilikuwa imekwisha kupata cheti na mtaa ulikuwa giza hata mchana. Jenereta ilikuwa na soketi moja nzima, na soketi hiyo ilikuwa ya kipaza sauti cha Mheshimiwa.

Alikuwa katikati ya hotuba, kwenye sehemu inayohusu mababu, mkokoteni ulipoingia. Juu yake paliwekwa kisanduku cha kioo, kimefungwa kwa kamba za katani. Sista Agripina alikwenda pembeni yake amekilalia kwa mkono mmoja. Nyuma alifuata Tunu, miguu mitupu, na gauni la hospitali.

Siwema alikuwa ameshika nyundo. Alimtazama binti yake, akatazama mkokoteni, na nyundo ikamshuka hadi magotini.

"Humu ndani mna mtoto!" alimwambia ofisa wa Kamati.

"Tumemwona, mama. Yumo kwenye cheti."

"Yumo wapi?"

Ofisa akasoma kwa fahari, kidole kikifuata maneno: "Pamoja na vyote vilivyomo."

"Mjukuu wangu huyu!"

"Pole kwa msiba," alisema ofisa, naye aliisema kwa moyo, maana alikuwa mtu mwenye malezi.

Ndipo mashine ikaanza kulia. Pii. Pii. Pii. Taa nyekundu ikawaka mbele yake. Sista Agripina akapaza sauti: "Betri inakwisha! Mnasikia? Inakwisha!"

"Mnasikia, ndugu wananchi?" alidakia Mheshimiwa kwenye kipaza sauti, uso umemng'aa. "Hiyo ni sauti ya mambo ya kale! Yanatuaga! Mama Siwema, yaage na wewe. Piga!"

Umati ulikuwa unasogea na kurudi kama nyuki waliopigwa jiwe. Tunu alikuwa ameupigia magoti mkokoteni, paji la uso kwenye kioo. Siwema hakusonga. Aliyesonga ni Chande, ambaye tangu siku ya televisheni hakupenda kukaribia kitu chochote chenye waya.

"Shemeji," alinong'ona, "hiki tumekihoji?"

Siwema aligeuka kama aliyeamshwa. "Hatujakihoji."

"Basi?"

"Mheshimiwa!" aliita Siwema. "Hatujakihoji!"

"Cheti kipo, mama!"

"Cheti nimekiona. Lakini hapa kwetu hata pasi huulizwa kwanza. Chande, chomoa."

"Nichomoe nini?"

"Hiyo hapo kwenye jenereta."

"Shemeji! Hiyo ni sauti ya Serikali!"

"Chomoa, baba, mtoto anapoa!"

Chande akavua shati, akajizungushia mkononi, akafumba macho, akachomoa.

Mheshimiwa Bungala hakugundua mara moja. Midomo iliendelea kucheza, mkono ukikata hewa, mshipa wa shingo umetuna. Hatukusikia hata neno. Miaka yote tulidhani ile ngurumo ni yake.

"Haina sauti hiyo!" alipiga kelele mtu kutoka kwenye rundo la mabati.

"Igonge ubavuni!"

"Upo, Mheshimiwa? Upo?"

"Mizanini! Mizanini!"

Askari walimtazama Waziri wakisubiri amri, lakini amri nazo zilizoea kupita kwenye kipaza sauti kile kile. Wakabaki wamesimama, kwa mara ya kwanza hawana wa kumtii.

Sista Agripina alikuwa ameshaunyakua waya wa mashine na kuukita kwenye soketi. Mlio ukakatika. Na taa nyekundu ikazimika. Mashine yote ikanyamaza, na palikuwa na kitambo kirefu ambacho sitaki kukirudia. Siwema aliinua kiganja kama ilivyo desturi, kisha akashindwa kugonga. Alikilaza tu juu ya kioo, kama anayepima homa.

"Upo?"

Taa haikuwaka.

"Mama," alilia Tunu, "muulize tena."

"Upo, mwanangu? Tuambie kama upo."

Ndani ya tumbo la kisanduku feni ndogo ikakohoa. Ikakohoa tena, ikashika. Taa ya kijani ikawaka. Na kile kidole chenye uso kikakunja mguu, kikaunyoosha kwa ubishi, kikaukunja tena.

"Kipo!" tuliitikia. Mimi pia niliitikia, na safari hii sikumwangalia jirani yangu kwanza.

*

Mheshimiwa aliposhuka jukwaani alikuwa mtu wa kawaida mwenye sauti ya kawaida, jambo lililomfedhehesha sana. Alitamka kwamba hana ugomvi na watoto, ila jenereta ni ya Serikali na mchana inatakiwa kwenye sherehe ya kuvunja daraja.

"Mheshimiwa, ichukue," alisema Sista Agripina. "Ila chomoa wewe. Kwa mkono wako. Na sisi tunatazama."

Waziri alitazama waya. Akatazama mkono wake. Akasema suala hilo litaundiwa tume, akaelekea kwenye gari lake.

Gari halikuwaka. Na la nyuma yake halikuwaka. Wakati wa mabishano watu wa uani walikuwa wamepitisha mipira ya kunyonyea chini ya msafara wote, na petroli ya Serikali ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye madumu kando ya jenereta. Hakuna aliyewatuma. Watu waliozoea kuona kitu na kukifungua hawangoji kutumwa.

"Basi nitatembea!" alifoka Waziri.

"Hairuhusiwi, Mheshimiwa," ofisa wa Kamati alimwonya taratibu. "Ukitembea na wasaidizi wako barabarani itahesabiwa kuwa ni maandamano."

Hivyo Mheshimiwa Bungala akabaki uani. Redio ya taifa ilitangaza kwamba yupo kwenye ziara ya kina. Kila asubuhi Serikali ilituma gari la kumchukua, na kila gari lilifika na tangi limejaa. Lilikaribishwa kwa vigelegele, dereva akapewa chai, na kabla hajamaliza kikombe lilikuwa haliondoki tena. Ua ukajaa magari meupe. Jenereta ikaendelea kuguguna petroli, mashine ikaendelea kuguguna umeme, na yule aliyemo akaendelea kunenepa.

Nani alilala vizuri siku zile? Tunu alikuwa akiamka kila jenereta inapobadili mlio. Siwema alizunguka ua akipima madumu kwa kijiti. Hata Mheshimiwa hakutulia. Alikwenda huku na huku mikono nyuma, mpaka Chande akamwonea imani akamfundisha kuchuna nyaya. Aliliweza haraka jambo hilo. Alituambia, bila majivuno, kwamba kuchuna alishakujua, kilichokuwa kigeni kwake ni kuchuna kitu kilichokufa.

Mpaka siku Sista Agripina alipofungua kisanduku, akamtoa mtoto, akamlaza kifuani kwa Tunu, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kanga. "Tumbo lako sasa," alisema. "Mashine yangu imemaliza."

Alirudisha mashine hospitalini juu ya mkokoteni ule ule, mchana kweupe. Cheti alikibandika mbele ya kioo. Kamati ilipopita wodini wajumbe walisoma, wakavua kofia, wakaendelea na safari. Hivi ninavyoandika mashine hiyo inafanya kazi, na wajumbe wote wanajua kwamba haipo.

Mheshimiwa naye aliachiwa dumu moja. Aliondoka na rundo dogo la shaba aliyoichuna mwenyewe, na jioni redio ikatangaza kwamba lengo la mwaka limevukwa.

*

Baadaye alikuja karani wa Serikali, kijana nadhifu, viatu amevifunga kiunoni visiibiwe lile bati la kisigino. Aliwakuta Siwema na Tunu uani.

"Dada, nimetumwa kusahihisha," alisema. "Mtoto wako amesomeka kama marehemu, kwa yale maneno ya cheti. Serikali imesikitika. Inataka kumwandika hai."

"Ameen!" alisema Siwema. "Mwandike, mwanangu, mwandike sasa hivi!"

"Subiri, mama," alisema Tunu. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, sasa ni mtoto kweli, mashavu yamejaa. "Kaka, akiandikwa hai, anaandikwa wapi?"

"Kwenye Daftari la Mali ya Umma Inayofanya Kazi. Maana alitoka na mashine."

"Na daftari hilo anasoma nani?"

Karani alijikuna. "Kamati," alisema. "Kila Jumatatu, kabla hawajatoka na spana."

Tunu alimtazama mama yake. Siwema alikwisha kukaa chini.

"Basi mwache amekufa," alisema Tunu.

"Dada, usinielewe vibaya. Atakosa shule, atakosa kura…"

"Shule ina mlango? Mwache, kaka. Hata jina msimwandike."

Hapo mtoto akaamka. Akafungua kinywa na kulia kwa sauti ambayo haikuhitaji jenereta. Kuku wakaruka, Chande akaangusha koleo, mabati yakaitikia ua mzima. Karani alisimama akingoja yaishe. Hayakuisha. Akakunjua karatasi, akaiweka juu ya paja, akaandika kwamba amefika uani na hakusikia kitu.